Aniceti Kitereza: alimaliza kuandika 1945, kitabu kikatoka 1980. Uzi wa mwandishi wa Ukerewe

#1 Mkazi wa Kagunguli (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, salaam.

Juzi humu watu walibishana kurasa nne nzima kuhusu waandishi wakubwa wa riwaya Tanzania. Nilisoma yote mpaka mwisho. Shaaban Robert alitajwa, sawa. Kezilahabi alitajwa, sawa. Adam Shafi, Said Ahmed Mohamed, wote sawa. Jina la Aniceti Kitereza halikutajwa hata mara moja. Iliniuma, nikasema nitaanzisha uzi wake mwenyewe, na nitauandika polepole kama alivyoandika yeye.

Kitereza alizaliwa 1896 katika ukoo wa watemi wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria. Akiwa mtoto alipelekwa kwa wamisionari Kagunguli, na mwaka 1909 akaingia seminari ya Rubya, Bukoba. Alikaa huko miaka kumi. Alitoka na Kilatini, Kijerumani na lugha nyingine kichwani, lakini hakuwa padre. Alirudi kisiwani akamwoa Anna Katura, akaishi naye mpaka uzeeni. Watoto waliojaliwa walifariki, hakubaki hata mmoja. Naomba mlikumbuke hili, nitalirudia.

Kwa wamisionari alifanya kazi ya kutafsiri, na pembeni akawa anakusanya mambo ya Wakerewe: hadithi, desturi, misemo, namna watu walivyoishi kabla ya Wazungu. Kijana msomi wa wakati ule aliyejua lugha zote hizo angeweza kuishia kwenye ukarani tu na maisha yakaenda. Yeye alikaa na wazee akauliza: zamani mlikuwa mnafanyaje? Padre mmoja Mkanada, Almas Simard, ndiye aliyemtia moyo ayaandike yale mambo kwa njia ya hadithi ili watu wapende kuyasoma.

Kufika 1945 riwaya ilikuwa imekamilika. Kwa Kikerewe! Lugha ya kisiwa kimoja. Hakuiandika kwa Kilatini alichosomeshwa, wala kwa Kiingereza cha serikali, wala kwa Kiswahili ambacho kingempatia wasomaji wengi zaidi. Alitaka watoto wa Kikerewe waisome lugha yao ikiwa imeandikwa na mtu anayeijua mpaka chini.

Mchapishaji hakupatikana. Nani angechapa kitabu kinene kwa lugha ya watu wachache wa Ziwa Victoria? Muswada ukakaa. Vita vikaisha, uhuru ukaja, Azimio la Arusha likaja, muswada bado umekaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika kisiwani watafiti wawili wa Kimarekani, mtu na mkewe, Gerald na Charlotte Hartwig. Walimhimiza autafsiri kwa Kiswahili. Mzee akiwa amepita miaka 70 akakaa kitako akaanza kuandika tena kitabu chake, ukurasa kwa ukurasa, kwa lugha nyingine.

Tanzania Publishing House walikitoa 1980, juzuu mbili: *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali*. Alikuwa na miaka 84. Mwaka uliofuata, 1981, akafariki.

Miaka 35, ndugu zangu. Mtoto aliyezaliwa siku muswada ulipokamilika alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake siku ulipogeuka kitabu.

Mjadala uendelee. Nitarudi kuzungumzia kitabu chenyewe.

#2 Mchuuzi wa Vitabu

Mkuu, umenigusa. Mimi ninauza vitabu vya mtumba, na zile juzuu mbili nimeziona mara moja tu zikiwa pamoja. Mara nyingine unapata ya kwanza bila ya pili, mtu anasoma nusu ya hadithi, halafu basi. Kuna tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, Mkuki na Nyota wameitoa 2002, hiyo inapatikana kirahisi zaidi. Na Wajerumani walishaitafsiri tangu miaka ya 1990. Yaani Mjerumani anakisoma kirahisi kuliko mtu wa Nansio, mji wa hukohuko Ukerewe.

#3 Mwl. wa Fasihi

Uzi mzuri, ila naomba niweke hoja tofauti bila kumvunjia mtu heshima. Nilikisoma chuoni. Niliona ni kitabu cha mila zaidi kuliko riwaya. Kurasa kwa kurasa watu wanasalimiana, wanapika, wanalima, wanatengeneza pombe. Msuko uko wapi? Mgogoro uko wapi? Ukimpa mwanafunzi wa kidato cha tano atalala. Namheshimu mzee kwa kuhifadhi utamaduni, lakini kumweka pamoja na Kezilahabi katika ufundi wa riwaya naona tunampa sifa kwa sababu tunamhurumia.

#4 Mkazi wa Kagunguli

Mwalimu, hoja yako naiheshimu na naijibu moja kwa moja, maana ndiyo iliyonifanya nianzishe uzi.

Mgogoro upo, na ni mzito. Myombekere na Bugonoka hawana mtoto. Ndugu wa mume wameanza maneno. Wazazi wa Bugonoka wanasikia binti yao anasemwa, wanamchukua na kumrudisha kwao. Mume anabaki na nyumba tupu. Jamii yote inamwelekeza njia rahisi: oa mwingine. Yeye anamtaka huyuhuyu. Anakwenda ukweni kuomba, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, na hapo ndipo unaposema "watu wanatengeneza pombe".

Sasa ngoja nikueleze hiyo pombe, kwa sababu bibi yangu aliitengeneza na mimi nimeiona kwa macho.

Ndizi mbichi unazikata na kuzivundika kwenye shimo lililofunikwa majani ya mgomba na udongo, na moto pembeni wa kuingiza joto. Unasubiri siku kadhaa. Ukifukua mapema, ndizi hazijaiva sawasawa, juisi haitoki. Ukichelewa, zimeoza. Unazimenya, unazitia kwenye mtumbwi wa mti, unazikanyaga na kuzikamua pamoja na nyasi mpaka maji yake matamu yatengane na makapi. Unachuja. Unakaanga mtama, unausaga, unauchanganya. Unafunika na kulaza. Usiku bibi alikuwa anaamka kwenda kuweka sikio kwenye mtumbwi, asikilize kama inachemka. Hakuwa anaonja. Alikuwa anasikiliza.

Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Inataka shamba la migomba lililotunzwa, inataka majirani, inataka ndugu waje kukanyaga. Kwa hiyo mkwe anapomtoza Myombekere faini ya pombe anamuuliza swali: wewe una watu? Una shamba? Ukisema unamtaka binti yangu, uko tayari kuhangaika kiasi gani? Kitereza hasemi hivyo popote. Anaandika jinsi pombe inavyotengenezwa, hatua kwa hatua, na wewe msomaji ukiwa na subira unaona mapenzi ya mtu kwa mkewe yanapimwa kwa mikungu ya ndizi.

Huo kwangu ni ufundi wa riwaya kabisa, Mwalimu. Wewe ulikuwa unatafuta mgogoro kwenye mazungumzo, yeye aliuweka kwenye kazi za mikono.

#5 Bint Ukara

Naomba niongeze upande wa mwanamke, maana huwa hausemwi.

Majina ya kitabu hiki ni hadithi tosha. Bugonoka maana yake ni balaa linalokuja ghafla. Mtoto wa kiume Ntulanalwo, yaani niko nacho siku zote, kifo. Mtoto wa kike Bulihwali: huzuni itakwisha lini? Hayo ni majina ya watu waliozika sana. Kwetu visiwani mtoto akizaliwa baada ya misiba hupewa jina la namna hiyo, na wazee wakiitana majina yao unaweza kuhesabu makaburi ya ukoo.

Sasa mwanzisha uzi ametuambia Kitereza na Bi Anna hawakubakiwa na mtoto. Rudini kwenye kitabu mkiwa mnajua hilo. Mwanamume anayeandika kuhusu mume asiyekubali kumwacha mke asiye na mtoto, na yeye mwenyewe yuko ndani ya nyumba hiyohiyo na mke wake, jioni taa imewashwa. Katika kitabu aliwapa Myombekere na Bugonoka watoto wawili. Nilipolitambua hili nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

#6 Mkazi wa Kagunguli

Dada Bint Ukara, ahsante sana. Hilo ndilo nililosema nitalirudia, na wewe umelisema vizuri kuliko nilivyokusudia. Sina cha kuongeza.

#7 Kijana wa Bweni

Samahani wakuu, mimi ni mgeni kwenye mambo ya fasihi. Nataka kuuliza: huyu na Kezilahabi wote ni wa Ukerewe kweli? Kisiwa kimoja? Walikuwa ndugu?

#8 Msomaji wa Usiku

Kijana wa Bweni, ndiyo, kisiwa kimoja. Kama ni ndugu au la, hilo waachie wenye kisiwa. Nikueleze ninayoyajua kuhusu Kezilahabi maana ndiye ninayemsoma kila mwaka.

Euphrase Kezilahabi alizaliwa 1944 kijiji cha Namagondo, Ukerewe. Yaani Kitereza anamalizia muswada wake, Kezilahabi ni mtoto mchanga kwenye kisiwa hichohicho. Na yeye alipita seminari, ya Nyegezi pale Mwanza, na yeye hakuwa padre. Akaenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akamaliza 1970, na mwaka uliofuata, akiwa na miaka 27, *Rosa Mistika* ikatoka. Ikapigwa marufuku mashuleni kwa sababu ilisema waziwazi yanayowapata wasichana. Baadaye shule hizohizo zikaja kuisomesha.

Kijiji cha kwenye *Rosa Mistika* ni Namagondo, jina halisi, hakulificha. Nyumba ya Zakaria na Regina na mabinti zao iko hapo.

Tabia yake ya uandishi ninayoipenda ni kwamba hakukubali kuandika kitabu kimoja mara mbili. *Kichwamaji* 1974, msomi anarudi nyumbani na kukuta hana pa kusimama. *Dunia Uwanja wa Fujo* 1975. *Gamba la Nyoka* 1979, vijiji vya ujamaa. Kisha kimya cha riwaya miaka kumi na zaidi, akaenda Marekani kusomea udaktari chuo cha Wisconsin-Madison, akaumaliza 1985 kwa kazi ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Akarudi na *Nagona*, 1990, na *Mzingile*, 1991, vitabu vyembamba, havifiki kurasa mia, lakini ukivisoma haraka havikupi kitu. Mtu aliyezoea *Rosa Mistika* akivifungua anadhani mwandishi ni mwingine.

Na kwenye ushairi ndiyo kabisa. *Kichomi* ya 1974 ilikuja bila vina na mizani, na katika utangulizi alitetea kuandika kwa lugha ya kawaida ya watu. Wazee wa ushairi walikasirika kwelikweli. Ugomvi ule ulidumu miaka.

Alifundisha Botswana miaka mingi. Akafariki Dar es Salaam Januari 2020.

#9 Mwl. wa Fasihi

Msomaji wa Usiku, hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kezilahabi aliandika tasnifu yake ya uzamili 1976 kuhusu riwaya za Shaaban Robert. Alijua anatoka wapi na anaachana na nini. Alisoma wanafalsafa wa Ulaya, akachukua alichotaka. Huo ni uandishi unaojitambua. Kitereza athari zake ni zipi? Biblia na masimulizi ya wazee?

Hata hivyo Mkazi wa Kagunguli, ile sehemu ya pombe imenifikirisha. Nitakisoma tena. Nilikisoma nikiwa na miaka 22 na mtihani uko mbele yangu, nikiri.

#10 Mkazi wa Kagunguli

Ahsante Mwalimu kwa kusema hivyo.

Kuhusu athari: masimulizi ya wazee si kitu kidogo cha kutajwa mwishoni kwa alama ya kuuliza. Mtu aliyekaa miaka kumi na Kilatini amefundishwa kupima sentensi. Mtu aliyefanya kazi ya kutafsiri maisha yake yote anajua neno la lugha moja linavyokataa kuingia kwenye lugha nyingine. Halafu huyo mtu anakwenda kukaa na bibi kizee anayesimulia msiba wa zamani, na anasikiliza kwa sikio hilo la mtafsiri. Mimi naona hapo ndipo kitabu kilipozaliwa.

Angalia salamu, ulizosema zinachosha. Kwetu salamu inajua wewe ni nani. Unavyomsalimia mkwe, mjomba, mke wa kaka yako, mtu aliyefiwa, vyote ni tofauti, na mwanamke anapiga magoti. Myombekere anapofika ukweni akiwa na kesi mabegani, anasalimia kwa ukamilifu uleule kana kwamba hakuna kilichotokea, na wao wanaitikia, wanamkaribisha, wanauliza habari za huko atokako. Kila mtu pale anajua kilichomleta. Hakuna anayeligusa mpaka adabu ikamilike. Ukiziruka hizo salamu kwa sababu ni ndefu, umeruka pale moyo wa mtu unapodunda.

Na kijana aliyeuliza: yupo wa tatu, Gabriel Ruhumbika, huyohuyo aliyemtafsiri Kitereza kwa Kiingereza. Amezaliwa Ukerewe 1938. Alianza kwa riwaya ya Kiingereza, *Village in Uhuru*, 1969, kisha akageukia Kiswahili: *Miradi Bubu ya Wazalendo*, *Janga Sugu la Wazawa*. Kisiwa unachokivuka kwa kivuko kutoka Mwanza saa tatu na ushee, watu wanakijua kwa samaki na machungwa, kimetoa hawa watatu.

#11 Mwandishi Chipukizi TZ

Wakuu nimesoma kimyakimya tangu jana. Naomba niseme langu.

Nina muswada wa riwaya. Niliupeleka kwa mchapishaji mmoja, sitamtaja. Waliupokea, wakanipa karatasi ya kuthibitisha. Mwaka wa kwanza nikapiga simu, wakasema bado unasomwa. Mwaka wa pili, aliyekuwa akiusoma ameacha kazi. Mwaka wa tatu walisema hawauoni, nilete mwingine. Nilikuwa nimeuandika kwa mkono kwanza, bahati yangu daftari zipo. Lakini tangu siku ile sijaandika kitu. Nilikuwa najiambia miaka mitatu ni mingi.

Swali langu kwa wanaomjua Kitereza: ile miaka 35 alikuwa anafanya nini? Aliendelea kuandika au alikaa anangoja tu?

#12 Bint Ukara

Pole sana ndugu yangu. Hilo linauma.

#13 Mkazi wa Kagunguli

Chipukizi, pole. Na nashukuru umesema.

Nikujibu kwa ninachokijua. Aliendelea na kazi yake ya lugha na ya kukusanya mambo ya Wakerewe. Na wageni walipofika mwishoni mwa miaka ya 60, muswada ulikuwepo. Hilo tu lifikirie. Miaka zaidi ya ishirini kwenye nyumba ya kijijini, mchwa upo, mvua ipo, panya wapo, na karatasi zile zilikuwepo, nzima, za kuweza kutafsiriwa. Mtu aliyekata tamaa hatunzi karatasi hivyo.

Halafu alipoambiwa kwa Kikerewe haiwezekani, labda kwa Kiswahili, hakusema nimezeeka. Wanaotafsiri watanielewa: kutafsiri kitabu chako mwenyewe ni kazi nzito kuliko cha mwenzako, kwa sababu kila sentensi unakumbuka kwa nini uliiandika vile. Ukisoma Kiswahili chake utakisikia Kikerewe chini yake kinatembea. Wapo wanaoona hilo ni kasoro. Mimi nikikisoma nasikia sauti za nyumbani.

Usinielewe vibaya, sikuambii ungoje miaka 35. Mzee alidhulumiwa na mazingira, na mimi nalisema kwa uchungu. Angechapwa 1950 angekuwa na miaka thelathini ya kusomwa akiwa hai, angejibu maswali, pengine angeandika kingine. Daftari zako zichape kwenye kompyuta wiki hii, weka nakala mahali pawili. Na ukiwa tayari nitumie sura ya kwanza kwenye ujumbe wa faragha, nitaisoma mwenyewe.

#14 Mwandishi Chipukizi TZ

Nitakutumia mkuu. Ahsante. Nimezitoa daftari chini ya kitanda leo asubuhi.

#15 Mchuuzi wa Vitabu

Mkazi wa Kagunguli, baada ya uzi huu nimepekua stoo. Juzuu ya pili ninayo moja, jalada limechanika lakini kurasa zote zipo, nimezihesabu. Siiuzi. Kama kuna maktaba ya shule huko Ukerewe inayoihitaji, niambie nimpe nani pale bandarini Mwanza.

#16 Mkazi wa Kagunguli

Mkuu, Mungu akubariki. Nakuandikia faragha sasa hivi.

Niwaambie na hili, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Jumapili nilikwenda kwa mama nikamsomea ile sehemu ya ukweni. Mama hakusoma sana shule, na macho yake siku hizi hayaoni herufi. Nilisoma kwa Kiswahili kama kilivyoandikwa. Kila nikimaliza sentensi ya salamu, yeye anaitikia. Kwa Kikerewe. Mwanzoni nilidhani ananijibu mimi, nikanyamaza kumsubiri. Akasema, "Endelea, simjibu mtu wa hapa."

Tukaenda hivyo mpaka giza likaingia, mimi nasoma Kiswahili cha mzee, mama anakirudisha alikokitoa.

#17 Mwl. wa Fasihi

Nimeazima juzuu ya kwanza leo. Naanza upya, na salamu zote sitaruka.